Mipangilio Aliyotuachia Bwana Pita

Wadogo zangu wa ofisini,

Siku mliponiaga mlinipa vitenge, saa ya ukutani na hotuba iliyonifanya nigeuke nyuma nione kama kuna marehemu anayesifiwa. Nashukuru kwa yote. Kisha mkaniomba niandike nilikopitia, hasa habari za kompyuta za zamani. Vyeo nilivyopanda havina hadithi, na mshahara kila mmoja wenu anajua ulivyo. Nitawaandikia kwa nini nilikuwa nawasumbua kila mara mkiniletea kompyuta iliyokuwa nzito kufanya kazi: "Nani aliyekuwa anaitumia kabla yako?" Mlidhani ni umbea. Wakati mwingine ulikuwa umbea kweli, lakini si mara zote.

Nilianza kazi kwa taipureta, katika shirika la umma lililokuwa likigawa mbolea hapa mkoani. Kisha ikaja miaka ya soko huria. Redio ilitangaza ubinafsishaji asubuhi na jioni, na sisi wa Songea tukajifunza maana yake kwa kuona magodauni yakipigwa rangi mpya. Shirika likafungwa, makarani tukarudi nyumbani na barua za shukrani. Katika godauni mojawapo, Bwana Mbunda, aliyekuwa ofisa wetu wa ugavi, akafungua kampuni yake mwenyewe ya pembejeo, akaniita nikawe mchapaji wake. Aliuza mbolea kwa wakulima wa mahindi wa huku kwetu, na salfa kwa wakulima wa korosho wa Tunduru. Salfa ni ule unga wa njano unaopulizwa kwenye mikorosho ili ugonjwa wa ubwiriunga usiue maua. Ikichelewa, maua hukauka, na mkulima hana la kufanya ila kusubiri mwaka mwingine.

Kompyuta ililetwa na mradi wa wafadhili, imefungwa ndani ya blanketi kama mgonjwa. Pamoja nayo alikuja mshauri wa kizungu, Bwana Pita, kijana mrefu aliyekunywa chai bila sukari na kumsalimia kila mtu shikamoo, hata watoto. Alikaa nasi mwaka mmoja. Alimfundisha Hidaya, karani wetu wa stoo, kuingiza mizigo kwenye kompyuta, kisha mkataba wake ukaisha, tukamfanyia sherehe ya kuku na ugali, akaenda zake.

Mimi sikufundishwa na Bwana Pita. Nilifundishwa na Mzee Ndunguru, mtu wa Mbinga aliyekuwa fundi wa taipureta mkoa mzima kabla mradi haujampeleka Dar es Salaam kujifunza kompyuta. Alikuja kwa baiskeli na pampu ya baiskeli. Pampu ilikuwa ya kupulizia vumbi ndani ya mashine. Vumbi letu jekundu la kiangazi liliua kompyuta nyingi kuliko radi.

Siku ya kwanza nilikaa mbele ya kile kioo cheusi na herufi zake za kijani, mikono mapajani.

"Mbona huigusi?" akaniuliza.

"Nitaiharibu, mzee."

"Umeme wa majenereta haya unakatika hovyo na haijaharibika, itaharibiwa na vidole vyako?"

Nikaigusa. Alinifundisha kuandika, kuhifadhi kazi kwenye disketi, na kuizima vizuri kabla umeme haujakatika. Kisha akanifundisha jambo ambalo sikuona umuhimu wake wakati ule.

"Unakumbuka kwenye taipureta," alisema, "mtu akiseti mwanzo wa mstari na mwisho wake, halafu akaondoka? Wewe unakaa, unapiga, mstari unaishia katikati ya karatasi. Unafanyaje?"

"Narudisha zile pini mahali pake."

"Kwa sababu unaziona. Humu ndani pia kuna pini. Kila programu ina faili dogo inamokumbuka mtu alivyoipanga: karatasi ya namna gani, namba ziandikweje, printa ipi. Mtu anaondoka, hata programu yenyewe inaondolewa, lile faili linabaki. Tofauti ni kwamba hulioni."

Niliandika kwenye daftari langu: faili la mipangilio. Nikafunga daftari, maana ilikuwa saa ya chai.

Sasa niwaeleze kuhusu Hidaya Saidi. Alikuwa binti wa Nalasi, huko Tunduru, na baba yake alikuwa mkulima wa korosho. Alikuja Songea akapanga chumba Bombambili, akaajiriwa stoo kwa sababu alikuwa na kichwa cha hesabu na mdomo usiopayuka. Mimi ni Mngoni wa Ruhuwiko, Mkatoliki wa kengele ya asubuhi. Yeye ni Myao, Mwislamu wa kutandika mswala nyuma ya magunia ya mbolea. Tulielewana sana. Wakati wa Ramadhani nilikunywa chai yangu nje, na wakati wa Kwaresima yeye aliniuliza kila siku kama leo nyama inaruhusiwa, mpaka nikaanza kuamini anafuatilia mfungo wangu kuliko padri.

Kompyuta ilikuwa moja, tukigawana. Asubuhi yake, mchana yangu. Maagizo ya salfa kwenda kwa wauzaji wa Dar es Salaam niliyaandika mimi, yeye akaingiza mizigo ya stoo tu, ambayo haikuchapwa. Kisha msimu mmoja, kazi ya mbolea ilipozidi, Bwana Mbunda akaamua agizo la Tunduru aandike Hidaya, kwa kuwa kule ni kwao na anajua vijiji vyote. Ilikuwa busara. Walikubaliana salfa ifike tarehe saba mwezi wa sita. Hidaya akaandika asubuhi. Mchana nikachapa karatasi zote za siku ile kwa pamoja, kama kawaida, meneja akasaini, ikapelekwa kwa faksi.

Tarehe saba mwezi wa sita ikafika. Lori halikuja. Tukasubiri wiki nzima. Bwana Mbunda akapiga simu Dar es Salaam, akapiga kelele mpaka wapakuzi wa godaunini wakaacha kazi kusikiliza. Ghafla akaomba arudiwe tarehe. Alipokata simu alitoa nakala ya agizo kwenye jalada, akaiweka mezani mbele ya Hidaya.

"Tulikubaliana lini?"

"Saba wa sita, bosi."

"Soma hapa."

Hidaya akasoma. Akarudia kusoma. "Sita wa saba."

"Mwezi mzima mbele."

"Wallahi, bosi, mimi niliandika saba wa sita. Niliangalia kwenye kioo kabla ya kuhifadhi. Ilikuwa saba, kile kistari cha mkwaju, sita."

Bwana Mbunda akaniambia nifungue lile faili. Nikawasha, nikaenda mahali pangu ninapofanyia kazi, nikalifungua. Kioo kikaonyesha sita, mkwaju, saba. Bwana Mbunda akafunga jalada.

Salfa iliharakishwa, lakini ilifika maua ya kwanza yameshaungua. Wakati huo huo wafanyabiashara binafsi, ambao soko huria lilikuwa limewaleta kwa wingi, walifika Nalasi na salfa yao, bei juu, na watu wakanunua kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine. Mmoja wa wafanyabiashara hao alikuwa wa kijiji cha Hidaya. Mtu mmoja alikuwa amewaona wanakunywa chai pamoja stendi. Hiyo ikatosha. Mjini ikasemwa kwamba Hidaya amenunuliwa, amegeuza tarehe makusudi. Wengine waliongeza habari za dini na kabila, na sitaziandika hapa.

Bwana Mbunda hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameweka nyumba yake rehani kuanzisha ile kampuni, na hofu ya kuipoteza ilikuwa haimtoki. Alimwambia Hidaya, "Kaa nyumbani mpaka nitakapokuita." Songea nzima inajua sentensi hiyo ina maana gani.

Mimi sikuamini. Sikuwa na ushahidi wowote. Nilijua tu kwamba mtu hawezi kuiuza mikorosho ya baba yake kwa kikombe cha chai. Nikaanza kuijaribu kompyuta kila nilipopata nafasi. Niliandika saba wa sita, nikahifadhi, nikafungua: saba wa sita. Nikazima, nikawasha: saba wa sita. Nikachapa: saba wa sita. Mashine ilikuwa nyoofu kama rula, na kila ilipokuwa nyoofu ilizidi kumhukumu Hidaya.

Nikamfuata Mzee Ndunguru kwenye kibanda chake karibu na soko, nikamkuta anasafisha herufi za taipureta kwa mswaki. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Unapoijaribu, unaifungua kama nani?"

"Kama mimi mwenyewe, mzee."

"Basi inakujibu wewe. Yeye hukumuuliza anaifungua vipi?"

Nilikuwa sijamuuliza. Nilikuwa nimeuliza mashine tu.

Jioni ile nikaenda Bombambili. Hidaya alikuwa anafunga sufuria zake ndani ya kanga. Basi la Tunduru lilikuwa linaondoka asubuhi.

"Karibu, dada Leokadia. Samahani, viti nimeshagawa."

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akanimiminia chai iliyobaki.

"Nyumbani utasema nini?" nikamuuliza.

"Nitasema nini? Habari imeshanitangulia. Baba yangu mwenyewe amepoteza maua. Mimi nimemuuza baba yangu?" Hakulia. Alikaza fundo la kanga kwa nguvu mpaka kitambaa kikalia.

"Mdogo wangu, nieleze kitu kimoja. Ukiwasha kompyuta, unafanya nini? Hatua kwa hatua."

Akanitazama kama mtu anayeulizwa namna ya kuvaa viatu. "Nawasha. Naingia kwenye sehemu ya Bwana Pita, kule alikonifundishia. Naita programu, nafanya kazi."

"Sehemu ya Bwana Pita? Huingii kwenye ile ya ofisi?"

"Mizigo yangu yote iko kwa Bwana Pita. Yeye ndiye aliyenionyesha. Ingawa mashine yenyewe ilikuwa hainipendi."

"Haikupendi vipi?"

"Tarehe za mwisho wa mwezi inazikataa. Mzigo ukiingia tarehe ishirini, nikiandika, inalia tiit. Ishirini na tano, tiit. Kumi na mbili inakubali, kumi na tatu inakataa. Nikazoea kuziandika kwa kalamu pembeni. Siku moja nilimuuliza Bwana Pita, akaanza kunieleza, Kiswahili chake kikagoma, akacheka, nami nikacheka, tukaendelea na kazi."

Nilisimama na kikombe mkononi, chai ikanimwagikia kwenye sketi.

"Hidaya. Kitu gani kina kumi na mbili na hakina kumi na tatu?"

Akafikiri. Kisha akashika mdomo. "Miezi."

Nilimsihi asisafiri. Akakataa, nauli alikuwa ameshalipa, na mama yake alikuwa anamsubiri. "Ukiikuta sababu," aliniambia, "nitafute Nalasi. Mimi sitarudi pale kuomba."

Asubuhi nikamwita Mzee Ndunguru, akaja na pampu yake. Tukaingia kwenye sehemu ya Bwana Pita, ambayo ninyi siku hizi mngeiita folda, tukaita programu kutoka humo. Nikaandika tarehe ishirini mwezi wa sita. Tiit. Nikaandika saba, mkwaju, sita. Ikakubali bila tatizo. Nikahifadhi, nikatoka, nikaenda kwenye folda ya ofisi, nikalifungua faili hilohilo kutoka huko. Sita, mkwaju, saba.

Ilikuwa hivi. Programu ile, kabla ya kuanza, ilitafuta kwanza faili la mipangilio katika folda uliyosimama. Katika folda ya ofisi ilikuta mipangilio yetu, siku kwanza, mwezi baadaye. Katika folda ya Bwana Pita ilikuta mipangilio yake, na kwao mwezi hutangulia siku. Hidaya alipoandika saba, mkwaju, sita, mashine ilielewa mwezi wa saba tarehe sita, na ikamwonyesha vilevile alivyoandika. Mimi nilipochapa kwa mipangilio yetu, ikaandika tarehe hiyohiyo kwa mpangilio wetu: sita wa saba. Hakuna aliyedanganya, hata mashine. Bwana Pita alikuwa ameondoka, lakini pini zake zilibaki pale alipoziweka.

Tukamwita Bwana Mbunda. Nikamwonyesha mara ya kwanza, akaomba tena. Mara ya pili aliandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, akifunga jicho kwa kila herufi. Alipoona sita wa saba kwenye kioo, alikaa kwenye kiti changu bila kuomba.

"Niliangalia karatasi tu," alisema.

Mzee Ndunguru alijifanya anapuliza vumbi.

"Sasa watu wa Nalasi nitawaambia nini?"

"Hivihivi ulivyoona, bosi," nikasema. "Lakini uende mwenyewe."

Nilidhani atatuma barua. Alituma dereva ajaze mafuta. Tulisafiri siku nzima kwa Land Rover, barabara ya Tunduru ya wakati ule ikitukung'uta kama mahindi kwenye ungo, na Bwana Mbunda alizungumza kidogo sana, jambo ambalo kwake lilikuwa ugonjwa.

Tulifikia kwa baba yake Hidaya. Mzee Saidi alikuwa anapogoa mkorosho, akashuka polepole. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba. Bwana Mbunda, ambaye hakuwa mdogo, naye akatoa shikamoo. Hidaya alitoka ndani akasimama mlangoni, hakusogea.

"Mzee, nimekuja kwa ajili ya binti yako," Bwana Mbunda akasema. "Nilimwondoa kazini kwa kosa ambalo si lake. Nataka kulisema mbele ya wakulima, maana na wao wamelisikia lisivyo."

"Utasema wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi ngoja wamalize swala."

Wakakusanyika uwanjani mbele ya ghala la chama cha msingi. Bwana Mbunda alieleza vibaya, kwa kuwa alielewa nusu, lakini alieleza yote. Alisema Hidaya aliandika sahihi. Alisema yeye ndiye aliyesaini bila kusoma. Alisema msimu ujao kampuni itatanguliza salfa kwa mkopo kwa waliopoteza maua. Watu walisikiliza kama watu waliowahi kuahidiwa mambo. Kisha mkulima mmoja mwenye kofia akanyoosha mkono.

"Nimeelewa kidogo. Huyo mzungu alikwenda kwao?"

"Alikwenda."

"Lakini tarehe zake mmezifuga ndani ya mashine?"

"Ndiyo."

"Na sasa hivi, bado zimo?"

Bwana Mbunda akanigeukia. Kabla sijajibu, Hidaya akasema kutoka nyuma, kwa sauti ambayo ofisini sikuwahi kuisikia:

"Zimo. Nakwenda kuzitoa."

Uwanja mzima ukacheka, Mzee Saidi wa kwanza. Ndivyo tulivyojua amekubali kurudi.

Hakurudi bure. Aliweka sharti: afundishwe vyote vilivyomo ndani ya ile mashine, siyo sehemu yake tu. Mzee Ndunguru akatufundisha wote wawili, na hapa ndipo nilipojifunza kazi niliyoifanya mpaka mliponiaga. Andika orodha ya programu zilizopo. Kisha tafuta mafaili yote ya mipangilio. Faili ambalo mwenyewe yupo, liache. Faili ambalo mtu wake au programu yake imeshaondoka, usilifute siku hiyo, lihamishe. Tulitengeneza folda tukaiita NGOJA, tukayaweka humo, tukafanya kazi wiki kadhaa kuona nani atalalamika. Tulikuta mipangilio ya printa ambayo hatukuwahi kuimiliki. Tulikuta ya programu ya kuchora ramani, na ya mchezo wa karata, ambao mpaka leo Bwana Mbunda anakana kuujua. Hakuna kilicholalamika. Kompyuta ilianza kuwaka upesi, na nafasi ikapatikana bila kununua chochote.

Siku ya kuifuta NGOJA, pamoja na mipangilio ya Bwana Pita, Hidaya alikaa kwenye kibodi. Bwana Mbunda alikuja kusimama nyuma yetu. Hidaya akaandika amri, akabonyeza. Kioo kikaleta swali.

"Inasemaje?" Bwana Mbunda akauliza.

"Inauliza kama nina hakika."

"Hata hilo inauliza?"

"Inauliza, bosi. Kabla ya kufuta inauliza kwanza." Hakugeuka. "Ni tabia nzuri."

Bwana Mbunda akatazama viatu vyake. Halafu akacheka kwa pua, cheko la mtu aliyestahili kusemwa, akasema, "Ijibu."

Akaijibu. Tangu siku hiyo, katika kampuni ile, mwezi uliandikwa kwa herufi. Nanyi mliirithi desturi hiyo kwangu mkidhani ni ukaidi wa kizee.

Msimu uliofuata salfa ilifika Nalasi kabla ya maua. Hidaya aliisindikiza mwenyewe kwenye lori, na aliporudi nguo zake zilikuwa za njano mpaka kwenye pindo, akakataa kuzifua kabla hatujaziona. Alikaa na kampuni mpaka Bwana Mbunda alipozeeka akaifunga, kisha akafungua duka lake la pembejeo Tunduru mjini. Mimi nikaja kwenye ofisi hii yetu, na mengine mnayajua. Mzee Ndunguru tulimzika Mbinga; Hidaya alikuja na kanzu mbili za kuwapa wajukuu wa mzee, na nikagundua alikuwa akimtembelea miaka yote hiyo bila kuniambia. Nilisema ana mdomo usiopayuka.

Wiki iliyopita amenipigia simu.

"Dada, shikamoo. Nasikia umestaafu."

"Marahaba. Ndiyo, mlongo wangu," nikamjibu, nikimwita ndugu kwa Kingoni, "nimepumzika."

"Kompyuta ya dukani imekuwa nzito. Vijana watatu wameshaitumia na wote wameondoka, sijui wameacha nini humo. Njoo tuitazame."

"Hidaya, nimekwambia nimestaafu."

"Nimekusikia. Ndiyo maana nimepiga. Zamani ulikuwa huna nafasi."

Barabara ya Tunduru siku hizi ni lami tupu, mtu anafika chai haijapoa kwenye chupa. Nimekata tiketi ya Jumatatu.